Tujifunze kupima jua kabla ya kununua paneli

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi za maendeleo za sharika hulipita haraka, nalo ni kupima na kukadiria mionzi ya jua. Karibu kila mwezi ofisi yetu hupokea wageni kutoka sharika za mbali wanaokuja Dar es Salaam kununua vifaa vya umeme wa jua. Hufika asubuhi na basi, huenda moja kwa moja Kariakoo, huzunguka maduka ya mitaa ya huko, na jioni hurudi na paneli zilizofungwa kamba juu ya basi. Bei wameijua na wati wameambiwa. Lakini ukiwauliza, "Huko kwenu jua ni kiasi gani?" hucheka na kujibu, "Mratibu, jua lipo la kutosha!"

Ni kweli lipo. Swali ni kiasi gani, na mwezi gani. Makala haya yanaeleza namna ya kulijibu swali hilo kwa hesabu ambazo mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuzifanya.

KISA CHA ZAHANATI YETU

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulisaidia zahanati moja ya pwani kupata umeme wa jua. Tuliorodhesha matumizi yake kwa siku kama ifuatavyo:

Taa 8 za wati 10, kwa saa 5: wati-saa 400
Friji ya chanjo, usiku na mchana: wati-saa 750
Kompyuta ya wati 60, kwa saa 5: wati-saa 300
Darubini ya maabara ya wati 20, kwa saa 5: wati-saa 100
Kuchaji simu na redio: wati-saa 200
Jumla: wati-saa 1,750

Fundi alikuwa mwangalifu. Alikuja mwezi Novemba, akapima jua kwa siku mbili, akapata wastani wa saa 6 za jua kamili kwa siku. Akaondoa upotevu wa kwenye nyaya, betri, vumbi na joto, akabakiwa na asilimia 65. Akagawanya 1,750 kwa 6, kisha kwa 0.65. Akapata wati 449. Tukanunua paneli tatu za wati 150, jumla wati 450. Nami niliweka sahihi.

Novemba na Desemba kila kitu kilifanya kazi, na tuliandika taarifa nzuri kwa wafadhili. Masika ilipoanza, betri zikaanza kuishiwa mapema usiku. Katikati ya Aprili mfumo ulizimika kabisa. Muuguzi alilazimika kuzipeleka chanjo hospitali ya wilaya kwa pikipiki, ndani ya kisanduku cha barafu. Usiku wa pili mama mmoja alijifungua kwa mwanga wa simu, iliyoshikwa na dada yake. Tunamshukuru Mungu mama na mtoto walikuwa salama. Lakini yule mkunga aliponipigia simu asubuhi hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Fundi hakukosea hesabu. Sisi sote tulikosea mwezi. Tuone sasa kosa hilo linatokeaje, na linaepukwaje.

TUNAPIMA NINI HASA?

Nje ya angahewa, mwanga wa jua una nguvu ya takriban wati 1,361 kwa kila mita moja ya mraba inayolielekea jua. Ukipita angani, sehemu yake huzuiwa na mawingu, mvuke, vumbi na moshi. Inayotufikia huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mionzi ya moja kwa moja, ile inayochora kivuli chenye kingo kali. Ya pili ni mionzi iliyotawanyika, inayotoka kila upande wa anga, hata siku ya mawingu. Zote mbili kwa pamoja, zikipimwa kwenye bapa lililolala, huitwa mionzi ya jumla. Hiyo ndiyo tunayoihitaji kwa ajili ya paneli.

Saa za mchana kweupe, jua likiwa karibu na utosi, mionzi ya jumla hufikia karibu wati 1,000 kwa mita ya mraba. Watengenezaji wa paneli hutumia kiwango hicho hicho kupimia bidhaa zao. Paneli inayoitwa ya wati 150 hutoa wati 150 pale tu jua linapokuwa wati 1,000 kwa mita ya mraba na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Dar es Salaam paneli huwa na joto kubwa kuliko hilo, na hivyo hutoa pungufu.

Kwa kupanga mradi tunahitaji jumla ya siku nzima. Kipimo chake ni kilowati-saa kwa mita ya mraba. Mafundi huiita "saa za jua kamili", kwa sababu siku yenye kilowati-saa 5 ni sawa na siku ambayo jua lingewaka kwa wati 1,000 kwa saa 5 tu, kisha likazimika. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mchana wa Dar es Salaam una takriban saa 12, lakini saa za jua kamili ni 4 na nusu mpaka 6 hivi, kutegemea mwezi. Muuzaji akikuambia "jua letu ni saa kumi na mbili", anakuambia urefu wa mchana, siyo nguvu ya jua.

VYOMBO VYA KUPIMIA

Chombo kinachoaminika zaidi huitwa piranomita. Ndani yake kuna bamba dogo jeusi lililofunikwa kwa kuba za kioo. Bamba likipata jua hupata joto, na tofauti ya joto kati yake na mwili wa chombo huzaa umeme mdogo sana, ambao husomwa na kugeuzwa kuwa wati kwa mita ya mraba. Piranomita hutakiwa kulala sawasawa, kufutwa vumbi mara kwa mara, na kupelekwa kuhakikiwa kila baada ya muda. Bei yake ni kubwa kwa usharika mmoja. Zipo za bei nafuu zinazotumia kipande cha silikoni kama kile cha paneli, nazo hufaa kwa kazi zetu nyingi.

Chombo cha pili ni cha zamani na ni rahisi kukielewa. Ni mpira wa kioo uliowekwa juu ya kadi. John Francis Campbell aliubuni mwaka 1853, na George Gabriel Stokes akauboresha mwaka 1879. Mpira hukusanya mionzi kama vile miwani ya kusomea inavyoweza kuchoma karatasi. Jua linapotembea, huacha mstari wa kuungua kwenye kadi, na wingu likipita mstari hukatika. Jioni mtu hupima urefu wa mstari na kujua jua liliwaka kwa saa ngapi. Chombo hiki hakisemi jua lilikuwa na nguvu gani. Husema muda tu. Lakini tutaona kwamba muda huo unatosha kufanyia makadirio.

KUPIMA WENYEWE KWA PANELI NDOGO

Usharika usio na piranomita unaweza kutumia paneli ndogo na maltimita ya fundi. Siri yake ni hii: mkondo wa umeme wa paneli, ikiwa ncha zake mbili zimeunganishwa moja kwa moja kupitia maltimita, hupanda na kushuka sambamba na mionzi ya jua. Jua likipungua nusu, ampea hupungua nusu.

Nyuma ya kila paneli kuna karatasi ya maelezo. Tafuta ampea za mkondo wa ncha zilizounganishwa, ambazo mara nyingi huandikwa kwa herufi Isc. Tuseme paneli yetu imeandikwa ampea 3.0. Ukisoma ampea 2.4, jua ni 2.4 gawanya kwa 3.0, yaani 0.8 ya wati 1,000, sawa na wati 800 kwa mita ya mraba.

Angalizo: tumia paneli moja ndogo tu, isiyounganishwa na betri wala paneli nyingine. Chomeka waya wa maltimita kwenye tundu la ampea 10. Funika paneli kwa kitambaa wakati wa kuunganisha na kuachanisha. Ilaze paneli sawasawa juu ya meza, mahali pasipo na kivuli, na uifute vumbi.

Soma kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mfano wa siku moja yenye wingu la mchana:

Saa 1 asubuhi: 0.4
Saa 2: 1.0
Saa 3: 1.6
Saa 4: 2.1
Saa 5: 2.4
Saa 6 mchana: 1.5 (wingu)
Saa 7: 2.5
Saa 8: 2.1
Saa 9: 1.5
Saa 10: 1.1
Saa 11 jioni: 0.6
Saa 12: 0.1
Jumla: 16.9

Gawanya 16.9 kwa 3.0. Jibu ni 5.6. Siku hiyo ilikuwa na takriban saa 5.6 za jua kamili, yaani kilowati-saa 5.6 kwa mita ya mraba. Kipimo hiki si cha maabara, hasa siku za mawingu yanayopita haraka. Ukisoma kila nusu saa utapata jibu bora, ila ukumbuke kuigawa jumla kwa mbili. Vijana wa sekondari huifanya kazi hii vizuri wakigawana zamu, nao hujifunza fizikia kwa vitendo.

Kipimo hicho hicho hukusaidia dukani. Ukiwa Kariakoo, omba paneli itolewe nje ya duka mahali penye jua, uipime kando ya paneli nyingine ndogo unayoijua. Ikiwa paneli yako inaonyesha jua ni wati 800 na ile mpya inatoa nusu tu ya ampea zilizotarajiwa, wati zilizoandikwa juu yake ni za karatasi. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

KUKADIRIA PALE PASIPO NA KIPIMO

Kupima siku mbili au wiki mbili hakutoshi. Jua la mwaka huu si la mwaka jana. Wataalamu hutaka takwimu za miaka mingi, na kwa vijiji vingi takwimu hizo hazijawahi kupimwa. Hapo ndipo tunapokadiria. Tutaeleza njia mbili.

Njia ya kwanza hutumia saa za jua kuwaka, zile zinazosomwa kwenye kadi ya mpira wa kioo. Mwanasayansi wa Sweden, Anders Ångström, aliipendekeza mwaka 1924, na J. A. Prescott akaiweka katika sura tunayoitumia mwaka 1940. Wazo lake ni rahisi. Kwanza tunajua kwa hesabu za elimu ya anga ni mionzi kiasi gani inafika juu ya angahewa, mahali fulani, mwezi fulani. Pili tunajua urefu wa mchana. Tukijua pia jua liliwaka saa ngapi kati ya saa zote za mchana, tunakadiria sehemu iliyofika chini. Mahali ambapo hapajafanyiwa vipimo vyake, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) hushauri kutumia namba 0.25 na 0.50. Kanuni yenyewe ni hii:

Mionzi ya chini = mionzi ya juu ya angahewa × (0.25 + 0.50 × saa za jua kuwaka ÷ urefu wa mchana)

Maana yake ni kwamba hata siku ya mawingu matupu robo ya mionzi hupenya, na siku isiyo na wingu hufika robo tatu.

Tuichukue Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Katikati ya Aprili mionzi ya juu ya angahewa ni kilowati-saa 9.8 kwa mita ya mraba kwa siku, na mchana una saa 11.9. Tuseme jua limewaka wastani wa saa 5. Tano gawanya kwa 11.9 ni 0.42. Nusu yake ni 0.21. Ongeza 0.25, unapata 0.46. Zidisha kwa 9.8. Jibu ni 4.5.

Katikati ya Novemba mionzi ya juu ni 10.7 na mchana una saa 12.3. Tuseme jua limewaka saa 8. Kwa hesabu ile ile tunapata karibu 6.2.

Sasa tazama Juni, mwezi unaodanganya wengi. Mvua imekwisha, anga limetakata, jua linawaka saa 7. Lakini Juni jua liko mbali kaskazini, na mionzi ya juu ya angahewa imeshuka hadi 8.5, na mchana ni saa 11.6. Hesabu inatoa 4.7 tu, yaani karibu sawa na Aprili yenye mawingu. Macho yetu huona anga la buluu na kudhani betri zitajaa. Namba zinatuambia vingine.

Saa za jua kuwaka mtu huzipata kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Kwa Dar es Salaam kituo kikubwa kiko uwanja wa ndege wa kimataifa wa Julius Nyerere. Anayepanga mradi mkubwa aombe takwimu hizo rasmi, za miaka mingi kadiri inavyowezekana.

Njia ya pili ni satelaiti. Satelaiti za Meteosat hutazama Afrika kutoka juu na kupiga picha mfululizo mchana kutwa. Wingu huonekana jeupe, na wataalamu hukokotoa kutoka weupe huo ni mionzi kiasi gani imezuiwa. Matokeo ya kazi ya namna hiyo yanapatikana bure kwa mwenye simu au kompyuta yenye intaneti. Tume ya Ulaya ina PVGIS. Benki ya Dunia ilizindua Global Solar Atlas mwaka 2017. Shirika la anga la Marekani lina NASA POWER. Unaonyesha mahali kwenye ramani, unapata wastani wa mwaka, na baadhi hutoa wa kila mwezi.

Kwa sisi wa pwani kuna tahadhari. NASA POWER hugawa dunia katika miraba mikubwa, yenye upande wa takriban kilomita 100 kwa mionzi ya jua. Mraba wenye Dar es Salaam unaweza kuchanganya bahari, jiji na vilima vya bara, ambako mawingu hayafanani. Hizo nyingine mbili zina miraba midogo zaidi. Ni vema kusoma vyanzo viwili na kuvilinganisha. Vikitofautiana, chukua namba iliyo ndogo. Paneli ya ziada ni gharama ya mara moja, lakini umeme ukipungua, wagonjwa hulipa kila usiku.

MWEZI MBAYA NDIO UNAOPANGA

Turudi kwenye zahanati yetu. Matumizi ni wati-saa 1,750 kila siku, masika na kiangazi. Friji ya chanjo haijui kwamba ni Aprili. Basi hesabu ifanywe kwa mwezi wenye jua dogo kuliko yote, siyo kwa wastani wa mwaka, na wala siyo kwa mwezi ambao fundi alipata nafasi ya kuja.

Kwa Novemba: 1,750 ÷ (6 × 0.65) = wati 449, yaani paneli tatu za wati 150.
Kwa Aprili: 1,750 ÷ (4.5 × 0.65) = wati 598, yaani paneli nne.

Paneli zetu tatu, mwezi Aprili, zilitoa 450 × 4.5 × 0.65, sawa na wati-saa 1,316. Kila siku zilipungua wati-saa 434. Betri yetu ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, lakini haishauriwi kutumia zaidi ya nusu, yaani 1,200. Gawanya 1,200 kwa 434. Kabla ya siku tatu kwisha, akiba imekwisha.

Kwa maneno mengine, zahanati ile ilikaa gizani kwa sababu ya paneli moja. Tulidhani tumeokoa fedha za wafadhili. Baadaye tuliinunua paneli hiyo ya nne, pamoja na betri mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imeharibika kwa kukaushwa kila usiku. Aliyeokoa senti akalipa shilingi.

KIVULI CHA MAGHOROFA

Ndugu zetu wa mjini wana tatizo lao. Ramani ya satelaiti haijui kwamba jirani yako amejenga ghorofa kumi.

Kariakoo ya zamani ilikuwa ya nyumba fupi za Waswahili zenye bati, na kila paa liliona anga lote. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoungua Julai 2021, lilikuwa refu kuliko nyumba nyingi zilizolizunguka. Leo mitaa ya Kariakoo imebanwa na maghorofa pande zote, na paa la nyumba ya ghorofa mbili liko shimoni.

Kivuli si jambo la kukisia. Kwa Dar es Salaam tunaweza kulihesabu. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua hupita juu kabisa ya utosi. Ukisimamisha fimbo wima, adhuhuri haina kivuli. Adhuhuri ya jua yenyewe hapa jijini si saa sita kamili. Huangukia kati ya saa sita na dakika 7, mwanzoni mwa Novemba, na saa sita na dakika 37, katikati ya Februari.

Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini, na fimbo ya mita moja hutupa kivuli cha sentimita 58 upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba jua liko kusini, na fimbo ile ile hutupa kivuli cha sentimita 30 upande wa kaskazini. Kwa hiyo kwetu jengo lililo kaskazini mwako lina madhara makubwa kuliko lililo kusini.

Tulitembelea nyumba moja ya ghorofa mbili jirani na Mtaa wa Msimbazi, ambako kikundi kilitaka kufunga paneli. Upande wa kaskazini jirani alikuwa akiinua jengo ambalo lingelizidi paa lao kwa mita 24. Tukazidisha 24 kwa 0.58. Jibu ni mita 14. Mwezi Juni, hata adhuhuri, mita 14 za kwanza za paa lao zingekuwa kivulini. Ilibidi paneli zihamishiwe ukingo wa kusini, na idadi yake ipunguzwe. Laiti tungekwenda na kipimo cha satelaiti tu, tusingeliona hilo.

Majengo ya mashariki na magharibi nayo hukata asubuhi na jioni. Mwezi Machi au Oktoba, saa tatu kabla ya adhuhuri ya jua, kivuli cha jengo ni sawa na urefu wake. Rudi kwenye jedwali letu la ampea: kivuli kikifunika paneli katika masomo ya saa tatu na saa nne, umepoteza hadi 3.7 kati ya 16.9, yaani asilimia 22 ya siku nzima. Tena kumbuka kwamba chembe za paneli zimeunganishwa kwa mnyororo. Kivuli cha nguzo moja, cha tangi la maji au cha kamba ya nguo kinaweza kushusha umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wake.

USHAURI KWA KAMATI KABLA YA KWENDA KARIAKOO

1. Orodhesheni matumizi yote ya siku kwa wati-saa, bila kusahau friji na simu za wageni.
2. Tafuteni saa za jua kamili za mahali penu kwa kila mwezi, kutoka vyanzo viwili. Andikeni mwezi ulio mdogo kuliko yote.
3. Pimeni wenyewe kwa paneli ndogo, walau wiki moja ya masika na wiki moja ya kiangazi, mlinganishe na namba za satelaiti.
4. Simameni mahali paneli zitakapowekwa, asubuhi, adhuhuri na jioni. Chora kila mti na kila jengo. Uliza pia jirani anatarajia kujenga nini.
5. Gaweni matumizi kwa saa za mwezi mbaya, kisha kwa 0.65. Hizo ndizo wati za kununua.
6. Elekezeni paneli kaskazini, kwa mteremko mdogo wa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi.
7. Wekeni daftari. Mhudumu mmoja aandike volti za betri kila asubuhi kabla ya jua kupanda. Daftari hilo litawaonya kabla ya giza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika eneo lenu, ni mwezi gani una mawingu mengi? Je, huo ndio mwezi wenye jua dogo kwa hesabu, au kuna mwingine?
2. Zahanati inatumia wati-saa 1,200 kwa siku. Mwezi mbaya una saa 4.0 za jua kamili. Inahitaji wati ngapi za paneli? (Jibu: takriban 462.)
3. Paneli yenye ampea 5.0 za kiwango imesoma 3.5. Jua ni wati ngapi kwa mita ya mraba? (Jibu: 700.)
4. Katika miradi yenu ya nyuma, ni kipimo gani kilichukuliwa siku nzuri tu? Kilileta hasara gani, na kwa nani?

Ndugu msomaji, swali la nne halihusu sola peke yake. Visima vingi vimechimbwa baada ya kupima maji wakati wa mvua. Sisi waratibu hupenda kwenda kukagua miradi wakati barabara zinapitika, na kwa hiyo tunaijua sura ya vijiji vyetu ya kiangazi tu.

Zahanati ile sasa ina paneli nne. Aprili iliyofuata nilimpigia simu mkunga kumwuliza hali ya umeme. Aliniambia taa zinawaka, friji inaunguruma, na daftari limeandikwa kila siku. Kisha akaniomba nisiongee sana, kwani kulikuwa na mama chumba cha kujifungulia.